Jumuiya imemzika kaka yangu ambaye hata haikumjua, nalipaje?

Shikamoo Shangazi. Mi naishi Ipuli, Tabora mjini. Mwezi wa pili kaka yangu alifariki ghafla, alikuwa anaendesha bodaboda, mkatoliki wa kubatizwa kabisa ila kanisani anaonekana Krismasi na Pasaka, jumuiya ndo usiseme, hata nyumba wanayosalia alikuwa haijui. Usiku ule nampigia simu mwenyekiti wa jumuiya yetu moyoni nishajiandaa kuambiwa huyo hatumtambui, maana hayo maneno nishayasikia misiba ya watu. Shangazi, saa kumi na mbili asubuhi turubai lishafungwa, mama mmoja kaja na sufuria mbili kubwa, vijana washaenda kuchimba kaburi, wanakwaya wamelala nje na sisi siku mbili. Ila siku ya kuanua tanga nikamsikia mmoja wao huko jikoni anasema tumemzika mpagani kwa hela za waumini. Tumbo lilinikata. Sasa rambirambi imebaki shilingi 180,000, mke wangu anasema tupeleke yote jumuiya tufute deni, mdogo wangu anasema ni ya watoto wa marehemu. Je, walikosea kumzika? Na hiyo hela nifanyeje?
Msomaji, Ipuli

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na hilo la mpagani maana naona ndo limekuchoma kuliko hela. Sheria za Kanisa Katoliki za 1983, kanuni ya 1184, zinataja wa kunyimwa maziko ya kanisa: aliyeikana imani waziwazi, aliyeamua mwili wake uchomwe kwa sababu za kuipinga imani, na mdhambi wa wazi ambaye kumzika kanisani kungewakwaza waumini, na hao nao kama walionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla hawajafa basi wanazikwa, na padri akiwa na mashaka anamuuliza askofu. Mvivu wa jumuiya hayumo. Sasa usije ukaenda kumsomea mtu kanuni jikoni, nakwambia wewe tu ulale usingizi.

Ila na wao uwaelewe kidogo. Hizi jumuiya ndogo ndogo maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokutana 1976 waliamua ndo ziwe msingi, kanisa lishuke mpaka kwenye nyumba za watu, kwa hiyo ukifa anayeulizwa kama unajulikana ni mwenyekiti wa jumuiya yako, padri atawajuaje watu wote wa parokia? Na wapo watu wanachanga kila wiki miaka na miaka, wakiona asiyechanga kapewa turubai lile lile roho inawauma, ni binadamu. Angesema hivyo mtani wangu wa Kizaramo ningecheka, tena hao huwa wanaingia kaburini kabisa wanagoma kutoka mpaka wapewe hela, nampa elfu yake yanaisha. Lakini wa jumuiya kusema mfiwa anasikia hapana, amekosea. Na wewe achana nae. Mwenyekiti alishajibu kwa vitendo kabla hata jua halijachomoza.

Haya, hela. Mkeo ana nia nzuri ila hapo kwenye kufuta deni ndo tunapoachana. Yule mama wa sufuria ukimpa hela umemwambia nini, kwamba alikuja kibarua? Mimi mama yangu alipofariki Urambo, mvua inanyesha siku tatu hata kuni zimelowa, jirani mmoja tena wa Moravian wala sio kanisa letu, alileta matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga ndoo nzima, waombolezaji wakanywea chai. Sijawahi kumlipa hata senti. Alipofiwa na mumewe nilitoka Tabora na basi la asubuhi, nikafika nikavua viatu nikaingia jikoni kwake kuosha vyombo, wala hatukuongea.

Kwa hiyo kwanza kaa na mhazini wa jumuiya muulize vitu vitatu: turubai na viti vilikodiwa au vya parokia, mafuta ya gari nani alitoa, na kama kuna mchele au sukari ilichukuliwa dukani kwa mkopo kwa jina la jumuiya. Hayo ni madeni ya kweli, lipa yote. Kinachobaki mdogo wako yuko sahihi, ni cha watoto, mpe mama yao mbele ya wazee wawili wa ukoo na iandikwe. Na makaratasi ya hospitali na kibali cha mazishi yasipotee, kifo kinatakiwa kisajiliwe RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30, zikishapita bado nenda, maana mirathi bila cheti cha kifo itakusumbua, na kama ile pikipiki ilikuwa ya mkataba mwenye chombo hachelewi kuja kuichukua.

Alafu lile daftari la rambirambi usilitupe chumbani. Lifungue usome majina, nina uhakika nusu sio hata wakatoliki, Tabora hii utakuta kina Juma na Mwajuma humo walitoa elfu mbili mbili na wengine walishika jembe makaburini. Hao wakifiwa usisubiri kutangaziwa jumapili kanisani, wao wanaweza kuzika siku hiyo hiyo, ukisikia tu nenda. Wa jumuiya nao ni hivyo hivyo, nenda na jembe lako, mkeo aende na kisu cha kumenyea vitunguu. Jumuiya yenyewe kusali uende ukipenda, ila usiende kama mtu anayelipa rejesho la vikoba, watakuona tu.

Na zile sufuria mbili za yule mama zimesharudi? Kama bado ziko kwenu anza na hizo leo hii, zisugueni masizi yote na mchanga mpaka zing'ae, mpeleke wewe na mkeo, na mkikaribishwa uji mkae mnywe.