Turbo isiyosukuma hewa ya kutosha
Ndugu, gari la dizeli la zaidi ya miaka 20 linalotoa moshi mweusi na kukosa nguvu likipanda kilima cha Bugando huenda halihitaji turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) mpya, hata kama fundi ameshakutajia bei. Fungulia swichi bila kuwasha injini, kisha usome kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) sensa ya shinikizo la hewa: hapa Mwanza, takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, inapaswa kuonyesha karibu kilopaskali 88, si 101 kama Dar es Salaam. Ikiwa sahihi, ziba mdomo wa turbo wa kuingizia hewa, ingiza hewa ya kompresa kwa shinikizo dogo na upake povu la sabuni kwenye viungo vyote uone panapovuja, kwani mipira ya hewa iliyozeeka hupasuka upande wa chini usioonekana. Mipira myembamba ya vakyumu (mvuto wa hewa unaoendesha vali ya turbo) nayo ikaguliwe. Turbo ifunguliwe mwisho.