Mgongo Unauma? Chukua Penseli

Huwa nawashauri wenye maumivu ya muda mrefu wayachore kwenye karatasi. Juzi msomaji mmoja wa Manyoni kanitumia ujumbe: "Dada, kiuno kinanitesa miaka na miaka, halafu unaniambia nichore? Shuleni nilikuwa nikichora ng'ombe anatoka meza." Nilicheka sana. Nikamjibu: mchore huyohuyo.

Mgongo wangu ulianzia kwenye kubeba kreti za zabibu hapa Dodoma. Dawa nilimeza, dawa za kuchua nilichua, picha nikapiga, wakasema sina kitu. Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Shemeji mmoja alisema mbele ya wageni kwamba mimi huugua msimu wa kulima ukifika. Nimesamehe, ila sijasahau.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alinipa karatasi yenye mchoro wa mtu, mbele na nyuma, na kalamu za rangi: nyekundu panapochoma, bluu penye ganzi, nyeusi panapobana. Nikapaka. Nyekundu ikatoka takoni, ikashuka nyuma ya paja, ikapita kwenye shavu la mguu hadi kidole kidogo. Akaitazama, akaniuliza, "Mbona hiki kidole hujawahi kukitaja?" Kumbe hiyo ndiyo njia ya mshipa wa fahamu unaobanwa chini ya uti wa mgongo! Siku zote nilikuwa nasema "mgongo" tu.

Tangu hapo nina daftari langu. Maumivu hayajaisha, nisikudanganye, lakini nikichora yanapungua kunitawala, na usingizi unakuja.

Wala si mambo ya wazungu tu. Kweli, mchoraji Mwingereza Adrian Hill, aliyeanza akiugua kifua kikuu, ndiye aliyeyapa jina tiba ya sanaa mwaka 1942. Lakini nenda Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa urithi wa dunia mwaka 2006. Wale watu wekundu ni warefu na wembamba kupita kiasi, na bado tunawafuata hadi mlimani kuwatazama. Wewe unaogopa nini?

Chora vibaya. Usifute. Andika tarehe, na ukienda hospitali beba daftari. Dawa usiache. Ganzi ikiingia sehemu za siri au mkojo ukakataa, weka penseli chini, wahi hospitali siku hiyohiyo.

Nanyi wenye mgonjwa nyumbani, msimkosoe mchoro. Muulizeni, "Hapa peusi ni wapi?" halafu mumwache aseme. Anayesema mgonjwa anadeka, mtoeni nje.