Stempu za Polandi zenye maandishi ya kuongezwa: ipi ni ya hisani, ipi si ya hisani?

SWALI: Marehemu babu yangu alifanya kazi katika kambi ya wakimbizi wa Kipolandi ya Tengeru, karibu na Arusha. Familia moja iliyorudi kwao iliendelea kumwandikia, na sasa bahasha hizo ninazo mimi. Vitu vinne vinanitatiza: stempu nyekundu ya groszy 25 (groszy 100 ni zloti 1, fedha ya Polandi) yenye picha ya tai, ambayo juu yake yamechapwa kwa rangi nyeusi maneno «3 zł», jina la Kraków na tarehe 19 Januari 1945, kipande cha bahasha chenye stempu za zloti 5 zilizogongwa neno «Groszy» kwa wino wa zambarau, stempu iliyoandikwa «3+5 ZŁ» na jina Majdanek, na karatasi ndogo mithili ya stempu, isiyo na bei ya posta, inayotaja ujenzi mpya wa Warszawa. Je, zote ni stempu za hisani? Na nitajuaje kama maandishi hayo ya juu ni halali?

JIBU: Ndugu msomaji, katika vitu vyako vinne ni kimoja tu ambacho ni stempu ya hisani kwa maana kamili ya kiposta, yaani inayouzwa kwa nauli pamoja na mchango, nacho ni stempu ya Majdanek, isiyo na maandishi yoyote ya kuongezwa. Kwa hiyo kabla hujashika lenzi, jiulize kwanza wino ule wa pili, yaani wa maandishi yaliyoongezwa juu ya stempu, uliletwa kufanya kazi gani: kubadili bei, kubadili fedha, kuadhimisha tukio, au kuomba mchango. Wengi huliruka swali hili, na ndiyo sababu albamu nyingi zina stempu zilizobandikwa chini ya kichwa kisicho chao.

Stempu ya Majdanek ilitolewa mwaka 1946, na mchoro wake ni wa kutisha: mauti ikimwaga gesi ya sumu juu ya kambi ya mateso iliyokuwa kandokando ya Lublin. Alama ya kujumlisha ndiyo inayoitambulisha. Tarakimu ya kwanza, zloti 3, ni nauli ya barua. Ya pili, zloti 5, ni mchango ambao mnunuzi aliutoa papo hapo dirishani na ambao haukuongeza chochote kwenye nauli. Mtindo huo huo utauona kwenye stempu ya Westerplatte (eneo la Polandi lililoshambuliwa mwanzoni mwa vita, 1939) ya mwaka 1945, yenye zloti 1 ya nauli na 9 za mchango, tofauti iliyo kubwa kiasi kwamba mtu asiyeizoea hudhani ni kosa la mchapaji. Alama hiyo ikikosekana, sema «hisani» kwa tahadhari sana.

Stempu yako ya tai haina alama hiyo. Tai huyo wa groszy 25 alitolewa na mamlaka ya muda ya Kipolandi iliyokuwa na makao Lublin, mwezi wa Septemba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Februari 1945 stempu hiyo ilichapwa upya bei ya zloti 3 pamoja na jina la mji na siku ambayo mji huo ulikombolewa kutoka kwa Wajerumani. Mfululizo huo una miji 11, ikiwemo Warszawa, Łódź, Katowice na Zakopane. Zloti 3 zote ni nauli, na ukumbusho umo katika jina na tarehe. Hapa pana mtego ambao wauzaji wasio waaminifu hunaswa nao wenyewe: tarehe iliyochapwa ni ya ukombozi, si ya kutolewa kwa stempu. Kwa hiyo ukikuta muhuri wa posta wa Kraków wenye tarehe ya 19 Januari 1945 juu ya stempu hiyo, usifurahi, kwani siku hiyo stempu yenye maandishi hayo ilikuwa haijakuwepo. Muhuri huo umeghushiwa, na maandishi yenyewe ni ya kushukiwa vilevile.

Kazi kubwa iko kwenye «Groszy», nami nakusihi usikiguse kipande hicho cha bahasha kwa maji. Mwishoni mwa Oktoba 1950 Polandi ilibadili fedha kwa ghafla: taslimu iliyokuwa mikononi mwa watu ilibadilishwa zloti 100 za zamani kwa 1 mpya, huku mishahara na bei zikihesabiwa 100 kwa 3. Posta zilikuwa na akiba kubwa ya stempu za fedha ya zamani, na zikaruhusiwa kuzitumia kwa kuzigonga neno «Groszy», ili tarakimu 5 isomwe groszy 5 badala ya zloti 5. Kazi hiyo ilifanyika katika maeneo mbalimbali kwa mihuri tofauti, na ndiyo maana umbo la herufi, ukubwa wake na rangi ya wino havifanani nchi nzima. Nyeusi, zambarau na nyekundu zote zipo. Uhuru huo umewanufaisha sana waghushi, kwa sababu stempu tupu ni ya bei ndogo na muhuri wa mpira huchongwa kwa dakika chache.

Chukua lenzi inayokuza mara 10 na taa uielekeze kutoka ubavuni, kisha tafuta mahali ambapo mstari wa muhuri wa tarehe unakatiza herufi. Posta iligonga «Groszy» kwanza, ikauza stempu, na muhuri wa tarehe ukafuata. Kwa hiyo wino wa tarehe unapaswa kulala juu. Kagua makutano zaidi ya moja, maana wino wa zambarau hupenda kujipenyeza na unaweza kulidanganya jicho. Wakati mmoja niliwekewa mezani stempu nzuri yenye neno hilo kwa zambarau safi. Chini yake muhuri ulisomeka Septemba 1950, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya fedha kubadilishwa, na mkia wa herufi «y» ulikuwa umepita waziwazi juu ya duara la muhuri. Hapakuwa na haja ya kipimo kingine. Tarehe ikikubali, soma jina la mji kwenye muhuri na ulilinganishe, kwa msaada wa katalogi maalumu ya Kipolandi, na aina ya herufi zilizotumika katika eneo hilo. Wino wa zambarau wa aina hiyo huyeyuka majini, na mji, tarehe na herufi vikitenganishwa, ushahidi umepotea hata kama stempu ni halali.

Karatasi yako ya nne inaelekea kuwa ile ambayo Wapolandi huiita «cegiełka», yaani tofali dogo: stakabadhi ya mchango wa kuujenga upya mji mkuu. Iangalie kama ina maneno «Poczta Polska» (Posta ya Polandi). Kama hayapo, haikuwa na uwezo wa kulipia barua, hata ikiwa imebandikwa kando ya stempu na muhuri umeigusa. Ihifadhi papo hapo ilipo, kwa kuwa mguso huo wa muhuri ndio unaoonyesha lini na wapi ilitumika.

Ukitaka maoni zaidi, piga picha ya mbele na nyuma ya kila kitu, ukiweka rula pembeni, na nyuma ya yule tai utazame kama herufi zimeacha alama za kubonyea kwenye karatasi.