Sauti ya Slash: JB au Alnico II Pro? Nimezifunga zote mbili kwenye gitaa moja

Mkuu, umeuliza kama ukifunga JB, pikapu ya kampuni ya Seymour Duncan (pikapu ni kile kifaa chenye sumaku chini ya nyuzi kinachonasa sauti), kwenye nakala yako ya Les Paul, gitaa la umeme la Gibson, utaipata sauti ya Slash, mpiga gitaa wa Guns N' Roses, kwa sababu umeona JB ina kilo-omu 16 na Alnico II Pro, ya kampuni hiyohiyo, haifiki 8. Mimi napiga gitaa la solo kwenye kwaya hapa Kigoma, mwaka wa kumi na mbili huu, na rock ndiyo ninayopiga nikiwa nyumbani. Pikapu zote mbili zimepita kwenye gitaa langu. Chukua Alnico II Pro.

Hizo namba ndizo zinazowapoteza wengi. Omu ni kipimo cha upinzani wa waya uliozungushwa ndani ya pikapu, basi. JB imezungushiwa waya mwembamba zaidi, na waya mwembamba una upinzani mkubwa hata kabla hujahesabu mizunguko, kwa hiyo 16 si mara mbili ya 8 ukisikiliza kwa sikio. Ni kweli JB ina nguvu zaidi. Lakini angalia na sumaku: JB ina alniko 5, mwenzake ana alniko 2 (alniko ni aina ya chuma cha sumaku), ambayo mvuto wake ni mdogo. Ukiugonga uzi kwa nguvu, alniko 2 inaupokea taratibu, sauti inabonyea kidogo halafu inafunguka. Besi yake ni laini, na nyuzi nyembamba hazichomi masikio.

Sasa mtazame Slash mwenyewe. Gitaa alilorekodia albamu ya Guns N' Roses ya mwaka 1987 halikutoka kiwandani Gibson. Ni nakala ya Les Paul iliyochongwa na fundi Kris Derrig, na ndani yake zilikuwemo Alnico II Pro. Mngurumo ule ulikuwa wa amplifaya ya Marshall na wa vidole vyake. Baadaye Seymour Duncan walipomtengenezea pikapu yenye jina lake, waliongeza mizunguko kidogo tu na sumaku wakaiacha ileile ya alniko 2. Mtu anayeitafuta sauti hiyo kwa pikapu ya nguvu anaelekea upande mwingine kabisa.

JB yangu niliinunua kwa mpigaji mmoja aliyetoka Bujumbura. Chumbani, na distoshoni, niliipenda sana. Tatizo lilikuja Jumapili. Sisi huku tumekulia magitaa ya ng'ambo ya ziwa, na wimbo ukiingia kwenye sebene kila noti ya solo inatakiwa idondoke peke yake, kama punje za mahindi kwenye sufuria. JB ikipigwa safi, bila distoshoni, ilikuwa inaongelea puani. Nikipunguza voliumu ili isafike, inafifia. Mwalimu wa kwaya akaniuliza katikati ya mazoezi, "Mbona gitaa limeziba leo?" Nilipofunga Alnico II Pro, voliumu ikiwa kwenye 6 napata sebene safi, nikiifungua yote na distoshoni gitaa linalia. Gitaa moja linafanya kazi mbili, na kwetu tusio na magitaa matatu hilo ni jambo kubwa. Kama unapiga metali tu, zile rifu nzito za kukata, JB itakufaa na sitabishana nawe.

Usifikirie kurudi kwenye pikapu za koili moja, yaani mzingo mmoja tu wa waya, ili upate usafi zaidi. Kanisani kwetu kuna taa za tyubu na mara nyingine jenereta, na koili moja hunguruma kama nyuki. Ndiyo sababu Seth Lover wa Gibson alibuni hambaka, aina ya pikapu ambayo JB na Alnico II Pro zote ni yake, mwaka 1955: koili mbili zinazopingana, mngurumo wa umeme unafutana, sauti ya nyuzi inajumlishana.

Sikiliza hili la kufunga. Fundi wa kwanza aliyenifungia alizilehemu waya nyekundu na nyeupe za pikapu pamoja na ethi, waya wa ardhi. Sauti ya gitaa ikatoka nyembamba, inanguruma, nikakaa wiki mbili naamini nimeuziwa pikapu feki. Siku moja nikachomeka waya wa gitaa, nikagusisha multimita kwenye ncha yake: karibu kilo-omu 4. Nusu! Koili moja ilikuwa imekufa. Kwa Seymour Duncan, nyekundu na nyeupe zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe na kufungwa tepu, nyeusi inaenda kwenye voliumu, kijani pamoja na ule usio na ganda ndiyo ethi. Nilizitenganisha na pasi ya kulehemu, multimita ikapanda hadi karibu 8, na sauti ikajaa pale pale.

Kabla hujatumia hata shilingi, shusha kwanza pikapu ulizonazo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, uache karibu milimita 2 kati ya uzi na pikapu. Nakala nyingi za bei nafuu hufika pikapu zikiwa juu mno. Na kama huwa unachomeka gitaa moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, tundu la laini (lile la vyombo kama kinanda au redio) linaua ukali wote wa sauti, pikapu haina kosa. Pitia kwenye pedali au tundu la gitaa kwanza.

Ukishajaribu hayo na bado unataka kubadilisha, fungua kifuniko cha nyuma, piga picha ya nyaya kabla hujakata chochote, halafu pima pikapu ya kwenye bridgi, pale nyuzi zinapoegemea chini, kutoka katikati ya nguzo (vile vichwa vya chuma chini ya kila uzi) ya kwanza hadi katikati ya nguzo ya sita. Ikiwa karibu milimita 49 agiza ya kawaida, ikiwa 52 au 53 agiza ile pana. Niwekee picha na vipimo hapa, nitakuelekeza waya kwa waya.