Tau ina kazi yake

Umeuliza, kama protini ya tau ndiyo inayokutwa imerundikana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa unaopoteza kumbukumbu), kwa nini mwili unaitengeneza? Kwa sababu ina kazi. Seli ya neva ina mkia mrefu uitwao aksoni. Ule unaotoka uti wa mgongo hadi mguuni hufikia karibu mita 1. Ndani yake mna mirija myembamba mno, mikrotubuli, ambayo ni kama reli: mizigo ya seli hupita juu yake kwenda na kurudi. Tau hujishikiza kwenye mirija hiyo. Iligunduliwa 1975 kwa vile ilisaidia vipande kujiunga kuwa mirija, na maelezo mengi huishia hapo, ingawa tau huathiri pia mwendo wa protini zinazobeba mizigo yenyewe.

Seli huidhibiti tau kwa kuibandika fosfati, yaani vikundi vidogo vya kemikali vyenye fosforasi. Fosfati zikizidi, tau huachia mrija, hujikunja vibaya na kushikamana yenyewe kwa yenyewe hadi kuwa vile vifundo alivyovieleza daktari Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa una jina lake, mwaka 1906 (bila kujua vimetengenezwa na nini, bila shaka).

Sasa cha ajabu: panya wa maabara waliozalishwa bila tau kabisa huishi, kwani protini za jamii yake huziba pengo kwa kiasi, japo wengine hupata shida ya mwendo uzeeni. Ndiyo maana dawa za kupunguza tau, si kuifuta, zinajaribiwa kwa binadamu.