Leo kuna posho?

Wewe unayeanza kazi kwenye asasi ya kiraia, nikuambie jambo nililochelewa kulijua. Mradi wangu wa kwanza kuusimamia ulikuwa wa maji, vijiji vinne wilayani Handeni, Tanzania. Bajeti ilikuwa na kasma, yaani fungu, ya posho za vikao, mfadhili keshaipitisha, nami nikalipa bila kuwaza: shilingi 5,000 kwa kila mjumbe, sahihi kwenye fomu, asiyejua kuandika anachovya dole gumba kwenye wino. Vikao vilijaa. Nikapiga picha, ripoti ikapendeza.

Mradi ulipoisha nilirudi, pampu ya kijiji kimoja imeharibika, nikaitisha kikao cha kamati ya maji. Wakaja watu sita. Mzee mmoja alichungulia mezani, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, leo kuna posho?" Nilipomwambia hakuna, akaaga, ana shamba la kupalilia. Ningemlaumu kwa lipi? Mimi ndiye niliyemzoesha kwamba kikao cha maji yake ni kazi yangu, yeye kibarua. Na vipuri vilivyotakiwa havikuzidi bei ya mbuzi mmoja.

Kijiji cha nne hawakuwahi kulipwa. Si kwamba tulikuwa na busara, kasma iliishia njiani tu. Wao walikubaliana kuchanga shilingi 50 kwa ndoo, mama mmoja akawa anaandika kwenye kaunta buku, jina kwa jina, na aliyekopa ndoo mbili anapigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Pampu yao ilipokufa waliita fundi bila kunipigia simu. Nilisikia baadaye, na nakiri nilijisikia vibaya kidogo kutohitajika.

Sisemi watu wasirudishiwe nauli. Aliyetoka kitongoji cha mbali kwa bodaboda mrudishie, na kama kikao kinavuka saa saba, pikeni ubwabwa mle pamoja. Kumlipa mtu ili ashughulike na shida yake mwenyewe ndiko ninakokukataza.

Ofisini, wengi wenu mtataka kuanza na maandiko ya miradi. Kaeni kwanza na mhasibu. Jua masurufu, yaani fedha za kazi unazotangulia kupewa, yanaombwaje, marejesho yake yanafungwa lini, risiti ipi haikubaliki. Mkurugenzi asiyeweza kusoma taarifa ya fedha anasaini asichokijua, na siku ya ukaguzi jina linalosomwa ni lake. Soma pia kanuni za mwaka 2018 za asasi zisizo za kiserikali: mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 hupelekwa kwa Msajili wa asasi hizo ndani ya siku 10.

Halafu msione haya kuandika gharama za uendeshaji. Kodi ya pango, umeme, mlinzi, mkaguzi wa hesabu, vyote ni kazi. Hata ruzuku za serikali ya Marekani, ambazo kwa miaka ziliruhusu asilimia 10 ya kulipia gharama hizo kwa asasi isiyo na kiwango ilichokubaliana na serikali hiyo, zilipandisha hadi asilimia 15 kuanzia Oktoba 2024.

Miezi michache baadaye, Januari 2025, Marekani hiyohiyo ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Barua za kusitisha kazi zikaingia, na asasi zenye mfadhili mmoja zikaanza kuwaaga wafanyakazi. Nilimkumbuka yule mzee. Sisi nasi, wenye shahada na magari, tulikuwa tumekaa mezani tukichungulia kama posho ipo.

Kwa hiyo ukienda kijijini mara ya kwanza, pita kwa mtendaji wa kata na barua yako ya utambulisho, kisha mkutanoni usitaje mradi. Uliza mara ya mwisho walichanga kwa ajili ya nini, na nani alishika fedha. Wakimtaja mtu mmoja bila kubishana, mwombe akuonyeshe daftari lake.