Kihamba Hakitaki Zao Moja

Mwanangu Elia,

Marahaba. Umeniuliza kama tung'oe mibuni na kukata miringaringa, miti yetu ya kivuli, tupande parachichi za Hass kihamba kizima, shamba letu hili la nyumbani hapa Kilimanjaro, maana wenzako huko Dar wanasema ndicho kilimo cha kesho. Hapana, baba. Labda miche michache kule juani, kandokando ya barabara.

Kahawa imekuchosha, najua. Mgawo wa kahawa kwa kila nchi kwenye soko la dunia ulipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, chulebuni, ule ugonjwa wa kuoza matunda ya kahawa, ikamalizia, na baba yako akaacha hata kupulizia dawa. Lakini watafiti wa kahawa wa Lyamungo walishatoa miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Jirani yetu wa juu anayo, na bomba la dawa kalitundika stoo. Tubadilishe mibuni vikongwe kidogo kidogo.

Ulichosahau kwenye hesabu zako ni ndizi. Kahawa ilikuwa mali ya wanaume. Sisi wanawake chumvi na daftari zenu zilitoka kwenye mkungu. Chini ya mringaringa una mgomba, chini ya mgomba una buni, chini kabisa magimbi na maharage. Majani ya mgomba anakula ng'ombe wa bandani, samadi inarudi shinani. Parachichi likishakomaa linatandaza kivuli kizito, na mgomba hauzai gizani. Mnunuzi naye ni mchaguzi: tunda lenye kovu anakuachia ulile mwenyewe.

Kinachoninyima usingizi ni maji. Mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, unajaa udongo, mikono ya kuuzibua iko mjini, na kiangazi zamu yangu inanikuta usiku wa manane na kijito chembamba kama kamba ya kufungia mbuzi. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua mfumo wa vihamba, kule Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo duniani. Sawa, tumeshukuru, ila cheti hakizibui mfereji. Hela uliyotenga kwa parachichi iende kwenye banio, pale mfongo unapochota maji mtoni.

Na usiniletee habari ya kugawa. Kihamba hakifiki hata ekari mbili. Dada yako ndiye anayekipalilia, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua kama inavyokutambua wewe, wazee waseme watakavyo.

Krismasi ukipanda huku, beba saruji na viatu vya mpira. Kamati ya mfongo imeshaandika jina lako.

Mama yako